Nilifuta Safu ya Kwanza

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitambulishwa mikutanoni kama mtu aliyetengeneza programu ya simu inayomtambua mgonjwa wa Parkinson kwa kusikiliza sauti yake. Sikuitengeneza. Nilichotengeneza ni programu inayokumbuka watu na vyumba, kisha nikaiita kipimo cha ugonjwa, nikaipeleka kliniki, na yupo mzee aliyerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Nilipoujua ukweli nilinyamaza. Naungama yote mawili, kosa na ukimya, kwa sababu wapo vijana katika vyuo vyetu wanaoanza kazi hii sasa, na wengi wao wanaanzia kwenye jedwali lile lile nililoanzia mimi.

Kwanza nieleze kwa nini sauti. Parkinson huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na dopamini ikipungua mwendo wote wa mwili hupungua: hatua huwa fupi, vidole huwa vizito, uso hukosa mchezo. Watu wengi wanaujua kwa mkono unaotetemeka. Hata daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza mwaka 1817, aliuita kupooza kwa kutetemeka. Lakini kusema nako ni mwendo. Kuna misuli inayosukuma pumzi, kuna nyuzi za sauti zinazofunga na kufungua, kuna ulimi na midomo. Ugonjwa unapofika huko, sauti hufifia na kujaa pumzi, kiimbo hulala, maneno hufuatana kwa haraka kama yanakimbilia mwisho. Mwaka 1969 watafiti watatu wa Mayo Clinic nchini Marekani, Darley, Aronson na Brown, walisikiliza rekodi za wagonjwa 212 wenye maradhi mbalimbali ya ubongo na neva, wakapima usemi wao kwa vigezo 38, kwa masikio yao tu. Walionyesha kwamba maradhi tofauti huharibu usemi kwa namna tofauti. Niliposoma kazi hiyo nilijua maisha yangu nitayapeleka wapi, na sijabadili nia hiyo hadi leo.

Sisi tuliokuja na kompyuta mara nyingi tunaanza na sauti moja tu. Mtu anavuta pumzi, anatamka "aaa" kwa kadiri awezavyo bila kupandisha wala kushusha. Nyuzi za sauti za mwanamume hupigana mara 100 na kitu kwa sekunde, za mwanamke karibu mara 200. Kompyuta hupima urefu wa kila mzunguko na kuulinganisha na unaoufuata. Kutotulia huko tunakuita jita. Ukubwa wa mawimbi nao haulingani kutoka mzunguko hadi mzunguko, na huko tunakuita shima. Tunapima pia mlio safi ni kiasi gani na mchakacho wa pumzi ni kiasi gani. Mwishoni sekunde chache za "aaa" zinakuwa mstari mmoja wa namba kwenye jedwali.

Jedwali nililoanzia linajulikana kwa kila mwanafunzi wa fani hii. Lilitolewa na Max Little, wakati huo akiwa Oxford, pamoja na wenzake, kutokana na rekodi zilizofanywa Denver, Colorado. Lina rekodi 195 za watu 31. Kati yao 23 walikuwa na Parkinson na 8 walikuwa wazima. Kila mtu alirekodiwa mara sita hivi. Waliolitengeneza hawakuficha kitu. Safu ya kwanza kabisa ina alama ya kila rekodi, na ndani ya alama hiyo kuna namba ya mtu na namba ya rekodi yake. Yeyote anayetaka kujua mistari ipi ni ya mtu yupi anasoma tu.

Nilifuta safu hiyo. Programu nilizokuwa nikitumia zilitaka namba, na safu ya kwanza ilikuwa maandishi, kwa hiyo niliiondoa kwa amri moja fupi na kuendelea. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona nasafisha data. Kuanzia hapo sikuwa tena na watu 31, nilikuwa na mistari 195, na kila mstari niliuhesabu kama mtu.

Kisha nilifanya linalofanywa na kila mtu: nikachanganya mistari, sehemu kubwa nikaifundishia programu, sehemu ndogo nikaitenga iwe mtihani. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na rekodi sita hivi, karibu kila aliyeingia kwenye mtihani alikuwa na rekodi zake nyingine tano au nne upande wa mafunzo. Jirani akipiga hodi unamjua kabla hujafungua mlango. Kumjua kwa hodi yake hakukuambii kama ana homa. Programu yangu iliwajua wapiga hodi wote. Ilikumbuka kwamba sauti hii ni ya yule mtu, na kwamba yule mtu alikuwa ameandikwa mgonjwa, ikajibu mgonjwa. Mimi nikaona alama zimevuka asilimia 90, nikatoka nje kumpigia simu mama yangu.

Lipo jingine nililopaswa kuliona hata bila elimu kubwa. Kati ya mistari ile 195, mistari 147 ni ya wagonjwa. Programu isiyosikiliza chochote, inayojibu "mgonjwa" kila inapoulizwa, inapata asilimia 75. Wazima wote wa jedwali ni watu 8. Sikuwahi kuyaandika mambo haya mawili katika makala niliyoichapisha kuhusu programu hiyo.

Kosa hili limeenea. Mwaka 2017 Sohrab Saeb na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu tafiti za afya zinazotumia vifaa vya kupima mwili, na karibu nusu ya tafiti walizozipitia ziligawa data kwa rekodi badala ya kuigawa kwa watu. Silitaji hili ili nijifiche katikati ya wengi. Makala yao ilikuwa imeshachapishwa nilipoanza kazi. Ningeitafuta ningeipata, lakini nilikuwa natafuta makala zenye alama za juu ili nizipite.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, timu ya Catherine Dotchin na Richard Walker ilipita ikitafuta wagonjwa wa Parkinson katika jamii ya watu zaidi ya 160,000. Matokeo yao ya mwaka 2008 yaliwataja wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwahi kutambuliwa na daktari yeyote. Walikuwa wakiishi na ugonjwa huo bila kujua jina lake. Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu katika nchi yetu ni wachache mno. Mtu anaposoma hayo akiwa na programu mkononi inayopata zaidi ya 90 kwa 100, anaona kila wiki inayopita ni dhambi. Nami niliona hivyo. Sikujiuliza kama kile nilichokishika mkononi kilikuwa ni kitu.

Nikaenda kukusanya sauti za Kiswahili. Wagonjwa niliwarekodi kliniki, siku zao za kuja, kwenye chumba chenye feni kuukuu ya dari. Wazima niliwarekodi chuoni, ofisini, mlango umefungwa. Wagonjwa walikuwa wazee, wazima walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wenzangu. Wakati huo huo ilikuwepo kazi nzuri ya kuigwa: Juan Rafael Orozco-Arroyave na wenzake huko Medellín, Kolombia, walikuwa wametoa mwaka 2014 rekodi za wagonjwa 50 na wazima 50, umri na jinsia zikilingana pande zote mbili, wote wakirekodiwa katika chumba kilichozuiwa kelele. Niliisoma. Nikaona ni anasa ya watu wenye fedha. Haikuwa anasa. Kuwatafuta wazee wazima wa kijiji kile kile na kuwaketisha chini ya feni ile ile kusingenigharimu zaidi ya nauli na chai.

Programu niliifundisha kwa sauti hizo, nikaipeleka kliniki hiyo hiyo. Huko ndiko yule mzee alikoletwa na mkewe. Alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mrefu, mtulivu, aliyeitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini ambayo niliichukua kuwa ya upole. Aliyezungumza ni mkewe.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu alikuwa akiniita kutoka shambani namsikia nikiwa jikoni. Siku hizi tumelala kitanda kimoja namuuliza, umesemaje?"

Tabibu wa zamu alimtembeza mzee ukumbini, akaandika pembeni ya kadi kwamba mkono wa kulia hauchezi anapotembea. Alikuwa kijana, mwangalifu, na alichokiandika kilikuwa sahihi. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilikuwa na mashine.

"Inasemaje?"

Mzee akatamka "aaa". Simu ikaonyesha rangi ya kijani. Nikasema sauti ni nzima. Mkewe akanitazama, akatazama simu, akatazama tena mimi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba kuna mambo sikio la binadamu haliwezi kuyapima. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyeisikia sauti hiyo tangu ujana wake. Wakaandikiwa vitamini, wakaondoka.

Hata kama programu yangu ingekuwa nzuri, sikuwa na haki ya kutamka neno lile. Jan Rusz na wenzake wa Prague waliwapima wagonjwa 23 walioanza kuugua na ambao hawajaanza dawa, mwaka 2011, wakakuta asilimia 78 wana dosari fulani ya sauti. Maana yake wengine walikuwa na Parkinson na sauti yao haikuonyesha dosari. Sauti nzima haimtoi mtu kwenye ugonjwa huu. Hata damu haimtoi. Utambuzi bado unategemea daktari anayekaa na mgonjwa, akamwambia afungue na kufumba vidole, akamkunja kiwiko, akamtazama anavyogeuka. Tabibu yule alikuwa ameianza njia hiyo, nami nikamkatiza.

Baada ya miezi kadhaa nilisikia kwamba mzee ameanguka akivuka mfereji shambani, amevunjika kifundo cha mkono. Hospitali nyingine alikopelekwa ndiko alikotambuliwa, akaanzishiwa dawa ya levodopa. Siwezi kuthibitisha kwamba dawa ya mapema ingemzuia asianguke. Kuanguka kuna sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba kipindi chote hicho alitembea akiamini hana kitu, kwa sababu nilimwambia hana kitu.

Hapo ndipo nilipoisikiliza rekodi yake, kwa masikio, kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa nyembamba, imejaa pumzi, inayumba. Mtu yeyote angeisikia. Kitu kingine kilichokuwa tofauti na rekodi zote za wagonjwa wangu kilikuwa nyuma ya sauti: hapakuwa na mvumo wa feni. Siku ile umeme ulikatika. Programu ilikuwa imejifunza kwamba chumba chenye feni ni cha wagonjwa na chumba kilichotulia ni cha wazima, na ilipomsikia mzee katika chumba kilichotulia ikamweka pamoja na wanafunzi wangu.

Tangu mwanzo alama za rekodi mpya zilikuwa zikishuka kila nilipoongeza mtu ambaye programu haikuwahi kumsikia, nami kila mara nilikuwa na maelezo. Nilisema maikrofoni za simu zinatofautiana. Nilisema "a" ya Kiswahili si "a" ya Wamarekani. Hili la pili lilipokewa vizuri sana mkutanoni, kwa sababu lilitufanya tuonekane tunahitaji utafiti wetu wenyewe. Tunauhitaji kweli. Lakini nililisema ili nisiangalie kwingine.

Ilipofika rekodi ya mzee, maelezo yaliniishia. Nikarudi kwenye jedwali la Denver, nikairudisha safu ya kwanza, nikafanya jaribio ambalo Elias Chaibub Neto na wenzake walilieleza mwaka 2019. Nilichukua watu wale 31, nikawagawia ugonjwa kwa kura. Watu 23 waliookotwa bila mpango niliwaandika wagonjwa, 8 waliobaki nikawaandika wazima, na rekodi zote za mtu mmoja zikabaki na jibu moja. Baada ya hapo jedwali halikuwa na ugonjwa ndani yake. Lilikuwa na uongo mtupu nilioutunga mimi. Nikaifundisha programu uongo huo kwa njia yangu ile ile ya kuchanganya mistari, nikaipa mtihani. Ilifaulu. Alama hazikupishana sana na zile zilizonitoa nje kumpigia mama simu.

Nilirudia kwa kura nyingine, na nyingine. Kisha nikaondoa kura, nikarudisha majibu ya kweli, nikagawa data kwa watu: aliye kwenye mtihani asiwe na hata rekodi moja upande wa mafunzo. Alama zikateremka hadi jirani na zile 75 za programu isiyosikiliza. Nilikaa mbele ya kompyuta hadi watu wa usafi walipokuja asubuhi.

Na nikanyamaza. Hii ndiyo sehemu ninayoiona ngumu zaidi kuandika, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua, na hili lilikuwa la mtu anayejua. Ripoti kwa wafadhili ilikuwa karibu. Msimamizi wangu alikuwa ameshaitaja programu katika maombi mapya ya fedha. Mwanafunzi niliyekuwa nikimwongoza alikuwa anaandika sura ya pili ya tasnifu yake juu ya matokeo yangu, na kila alipokuja ofisini kuniuliza jambo nilimjibu kana kwamba msingi upo. Nilijiambia nitairekebisha kimya kimya katika toleo lijalo. Wakati huo simu ilikuwa bado kliniki. Rangi ya kijani ilikuwa bado inawaka kwa watu.

Aliyenitoa kwenye ukimya ni mwanafunzi huyo, ingawa hakunisuta wala hakugundua chochote. Alikuja kunionyesha ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake. Alinishukuru kwa kumfundisha uaminifu katika data. Nikamwomba aketi. Nikamwonyesha jaribio la kura, hatua kwa hatua, nikamwacha aendeshe mwenyewe. Alilia. Kazi yake nyingi ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza ni mimi. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa msimamizi. Makala niliiomba iondolewe, na sababu iandikwe waziwazi. Kwa wafadhili niliandika barua, fedha za awamu ya pili zikakatwa, na walikuwa na haki. Mwanafunzi alianza upya na data iliyogawanywa kwa watu. Matokeo yake ni ya chini, na ni ya kweli, na mimi ndiye niliyemtetea mbele ya waliomuuliza kwa nini alama zake ni ndogo kuliko za mwalimu wake.

Kliniki nilikwenda mwenyewe kuichukua simu. Tabibu yule kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba siku ile alitaka kumpeleka mzee hospitali ya rufaa, akaona aibu kubishana na mashine. Nilimwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba kadi yake niliiona, na kwamba alikuwa sahihi.

Nyumbani kwa mzee nilikaribishwa kwa chai. Nilieleza yote, polepole, bila maneno ya kitaalamu. Mzee aliinamisha kichwa akisikiliza. Mkono ulikuwa umepona, dawa ilikuwa imemrudishia hatua, ila sauti haikurudi sana. Levodopa huisaidia miguu na mikono kuliko inavyoisaidia sauti. Mkewe alisubiri nimalize.

"Mimi nilikwambia," alisema.

Sikuwa na la kumjibu. Walinikubalia niandike habari hii bila majina yao.

Bado nafanya kazi ya sauti. Naamini siku moja itawafaa watu wa Hai na wa kwingineko, hasa kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa, sauti yake ya leo ikilinganishwa na yake ya mwezi uliopita. Huko kumjua mtu kwa sauti yake ni msaada, si hila. Sasa kabla ya kurekodi tunaandika saa ambayo mgonjwa alimeza dawa. Feni inazimwa kwa wote. Wazima wanatoka katika nyumba na umri wa wagonjwa. Kabla ya "aaa" tunamuuliza anayeishi na mgonjwa amesikia nini kimebadilika, na jibu lake linaandikwa kwa maneno yake. Watu wanagawanywa kabla kompyuta haijawashwa. Na simu haimpi mtu yeyote jibu.

Ile programu ya zamani iligawiwa kwa watu kabla sijaiondoa. Najua nakala zake zipo kwenye simu kadhaa, na pengine kwenye vituo nisivyovijua. Kama unayo, ifute leo. Kama imewahi kuonyesha kijani kwa mtu ambaye familia yake ililalamika kuhusu sauti, mwendo au vidole vyake, mtafute mtu huyo, umpeleke kwa daktari atakayemkagua kwa macho na mikono, na umwambie daktari kwamba jibu la kwanza halikuwa na msingi. Unaweza kumtajia jina langu.